Sauti Niliyoikata: Gitaa la Kuburuza katika Maigizo ya Muziki, kutoka New York hadi Mingoyo



Mihadhara yangu kwa kawaida huhusu viambishi na vitenzi. Leo naomba ruhusa ya kuzungumzia ala ya muziki, kwa kuwa ala hiyo inagusa kosa la kitaaluma nililolifanya ujanani, na ambalo nadhani wengi wetu tumelifanya.

1. Usiku mmoja Mingoyo

Mingoyo iko jirani na mji wa Lindi, mahali ambapo barabara itokayo Masasi hukutana na ile inayounganisha Lindi na Mtwara. Kiswahili cha huko huishi pamoja na Kimwera, Kimakonde na Kimachinga. Mwaka 1984 nilikwenda huko nikiwa mtafiti kijana, kukusanya data za lahaja. Usiku mmoja vijana wa pale walitoa igizo la muziki uwanjani, kwa mwanga wa karabai. Muziki wote ulitoka kwa mtu mmoja aliyeketi pembeni na gitaa kavu. Alikuwa amelilaza mapajani, na badala ya kubana nyuzi kwa vidole, aliziburuzia kichupa cha dawa, hata sauti ikawa inapanda na kushuka bila kukatika, mfano wa mtu anayelia au anayedhihaki.

Miaka ile betri na kaseti zilikuwa adimu. Nilijiwekea kanuni kwamba maneno yarekodiwe, muziki usubiri. Kila gitaa lilipoanza, nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Katika kaseti hiyo, ambayo ninayo hadi leo, mhusika mmoja mzee anasema: "Sina deni na mtu." Hufuata mlio wa kitufe, kisha watu wanaangua kicheko kirefu kiasi kwamba mwigizaji wa pili anashindwa kuendelea. Kicheko kimehifadhiwa, lakini kilichokisababisha hakimo.

2. Ala iliyokulia jukwaani

Mtindo huo wa kuburuza kitu kigumu juu ya nyuzi ulistawi katika visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwasisi wake. Katika kuenea kwake, jukwaa lilikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 1912 tamthilia ya Richard Walton Tully iitwayo The Bird of Paradise ilioneshwa New York ikiwa na wanamuziki kutoka Hawaii, na ziara zake zikawafanya watazamaji wa miji mingi waifahamu sauti hiyo.

Katika miaka ya 1930 gitaa hilo lilitiwa umeme, na katika miaka ya 1950 likaenea lile lenye pedeli. Hili husimama kwa miguu yake kama meza, na kwa kawaida huwa na nyuzi 10. Mpigaji hushika kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto na kudonoa nyuzi kwa mkono wa kulia, huku miguu na magoti yake yakisukuma pedeli na wenzo zinazokaza au kulegeza nyuzi zikiwa bado zinalia. Mwaka 2019, Oklahoma!, tamthilia ya muziki iliyoanza mwaka 1943 na okestra kubwa, ilirejeshwa New York kwa kundi dogo la wanamuziki saba tu, na gitaa la pedeli lilikuwa miongoni mwa ala zao. Afrika nayo haikukosa: nchini Nigeria, King Sunny Adé aliliingiza katika muziki wa juju, likasikika pamoja na ngoma zinazoiga toni za Kiyoruba.

3. Kwetu pwani

Katika pwani yetu kazi ya kuvuta sauti ilibebwa zaidi na fidla ya taarabu, ambayo nayo haina vizuizi vya kugawa uzi. Maigizo ya muziki pia hatukuyapokea yakiwa tayari kutoka nje. Ngoma za beni, ambazo Terence Ranger alizitolea kitabu mwaka 1975, zilikuwa maigizo kwa namna yake. Marini na Arinoti walikuwa na vyeo, sare, gwaride na nyimbo za kushindana. Baada ya mwaka 1980 vikundi kama Muungano, chini ya Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre, chini ya John Komba, viliunganisha ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika onyesho moja, pamoja na magitaa ya umeme na spika kubwa.

Lakini shehena ya namna hiyo ilihitaji barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi lilipaswa kuvuka Mto Rufiji kwa pantoni, na wakati wa masika njia yenyewe ilikuwa haipitiki kwa urahisi. Haishangazi, basi, kwamba Mingoyo mtu mmoja na kichupa chake alifanya kazi ya okestra nzima.

4. Gitaa na kiimbo

Ni nini basi kilichowachekesha watu usiku ule? Nilikuwapo, nikacheka pamoja nao, kwa hiyo naweza kusimulia. Mzee alipomaliza kusema, mpigaji aliirudia sentensi yake kwa gitaa, silabi kwa silabi, akarefusha silabi ya pili kutoka mwisho kama mkazo wetu unavyotaka. Kisha, pale ambapo sauti ya mzee ilikuwa imeshuka, gitaa likapanda. Kila mtu uwanjani akasikia: "Sina deni na mtu?"

Kiswahili si lugha ya toni kama Kiyoruba. Hata hivyo, kauli ya taarifa na swali la ndiyo au hapana vinaweza kuwa na maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, vikatofautishwa na kiimbo peke yake. Gitaa la kuburuza linakimudu kiimbo hicho, kwa kuwa linapita katikati ya noti bila kuruka. Mpigaji yule hakuwa amesoma fonolojia, lakini aliigeuza taarifa kuwa swali bila kutamka neno. Alikuwa mhusika wa igizo, na mimi nilimfuta.

5. Hitimisho

Sikufanya hivyo peke yangu. Tamthilia zetu nyingi zilizochapishwa hutuambia tu, ndani ya mabano, kwamba muziki unapigwa. Haziseme muziki huo unajibu nini. Wakati huohuo kinanda cha umeme na sauti iliyorekodiwa kabla vimechukua nafasi ya wapigaji wengi. Sauti iliyorekodiwa jana haiwezi kumsubiri mwigizaji aliyesahau maneno, wala kumkanusha anayejigamba leo. Ujuzi wa kumsikiliza msemaji na kumjibu papo hapo ukitoweka, hatutapoteza muziki peke yake. Tutapoteza pia ushahidi wa namna Waswahili wanavyoisikia lugha yao.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba idara zetu, kwa kushirikiana na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, zirekodi maonyesho mazima, na kwamba unukuzi wetu uonyeshe mpigaji anaingia wapi, na kwa sauti ipi. Wapigaji wazee wahojiwe wangali hai. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mwanafunzi hapa inaweza kurekodi usiku mzima. Udhuru wangu wa betri hawanao.

Kaseti ya Mingoyo nitaikabidhi kwenye maktaba pamoja na maelezo ya maandishi ya kile nilichokikata. Maelezo hayo hayawezi kurudisha sauti yenyewe, lakini angalau atakayeisikiliza atajua kwamba mahali pale palikuwa na mtu aliyesema jambo.