Upitishaji joto: kugeuza vizio vya metriki na vya Kiingereza

upitishaji joto (nomino; ngeli ya U-U; hauna wingi)

Maana. Katika fizikia na uhandisi, uwezo wa kitu kupitisha joto ndani yake kutoka upande wenye halijoto ya juu hadi upande wenye halijoto ya chini. Istilahi hii hutaja pia tendo lenyewe la joto kupita. Kwa hiyo, panapokusudiwa tarakimu, ni bora kuandika *kiwango cha upitishaji joto*. *Shaba nyekundu ina kiwango kikubwa cha upitishaji joto kuliko chuma.*

Kiwango hupimwaje? Chukuliwa bamba la kitu kimoja, lenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mita moja, ambalo upande wake mmoja unauzidi wa pili kwa kelvini moja. Idadi ya wati zinazopita ndiyo kiwango cha kitu hicho. Mita ya unene hufuta mita moja katika eneo, na kizio kinachobaki ni W/(m·K).

Namna ya kukisoma. Neno *kwa* peke yake huleta utata, kwani hutumika katika kuzidisha (*chumba cha mita 3 kwa 4*) na pia katika kugawanya (*kilomita 60 kwa saa*). Usomaji usio na shaka ni *wati kwa kila mita kwa kila kelvini*.

Vizio vya Kiingereza. Vitabu na orodha za bidhaa kutoka Marekani hutumia Kizio cha Joto cha Kiingereza (Btu), ambacho ni takribani jouli 1,055. Hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa, kwa kuwa vizio viwili vinavyofanana hutumika bega kwa bega:

- Btu/(h·ft·°F): unene na eneo vyote hupimwa kwa futi;
- Btu·in/(h·ft²·°F): eneo hupimwa kwa futi za mraba, lakini unene kwa inchi.

Futi moja ina inchi 12. Hivyo tarakimu ya kizio cha pili huwa mara 12 ya ile ya kizio cha kwanza, ingawa kitu kinachopimwa ni kilekile. Mfasiri asiyeiona inchi hiyo hukosea kwa mara 12.

Vizidishi vya kugeuzia

- 1 W/(m·K) = 0.5778 Btu/(h·ft·°F)
- 1 W/(m·K) = 6.933 Btu·in/(h·ft²·°F)
- 1 Btu/(h·ft·°F) = 1.731 W/(m·K)
- 1 Btu·in/(h·ft²·°F) = 0.1442 W/(m·K)

Kizidishi 1.731 hupatikana kwa kugawanya jouli 1,055.06 kwa zao la sekunde 3,600 za saa moja, mita 0.3048 za futi moja, na kelvini 5/9 za nyuzi moja ya Farenhaiti. Kizidishi 0.1442 ni hicho hicho kikigawanywa kwa 12.

Mfano. Orodha ya vifaa vya ujenzi inaeleza kwamba povu la kuhami kuta lina kiwango cha 0.24 Btu·in/(h·ft²·°F). Hesabu sahihi ni 0.24 × 0.1442 = 0.035 W/(m·K), kiwango cha kihami kizuri. Mfasiri akitumia 1.731 atapata 0.42, na fundi atakayeisoma tafsiri hiyo ataliona povu hilo halifai, au atataka unene wa mara 12 ya unaohitajika.

Makosa ya kuepukwa

1. *Kutoa au kujumlisha 32.* Kanuni hiyo ni ya kugeuza halijoto, si tofauti ya halijoto. Halijoto ya 20 °C ni 68 °F. Lakini tofauti ya 20 °C ni tofauti ya 36 °F. Kizio cha upitishaji joto huhusu tofauti tu. Kwa sababu hiyohiyo, W/(m·K) na W/(m·°C) ni sawa kabisa na hazihitaji kugeuzwa.
2. *Kuongeza tarakimu zisizokuwapo.* Matini ya asili ikisema 0.24, tafsiri isiandike 0.034615, 0.035 inatosha.
3. *Kufupisha kizio.* Kuandika "Btu 0.24" pekee kunamnyima msomaji njia ya kujua ni kizio kipi kati ya viwili.
4. *Kuchanganya na ukinzani wa joto.* Upitishaji joto ni sifa ya kitu chenyewe, unene wowote kiwe nao. Ukinzani wa joto hutegemea pia unene wa bamba, na vizidishi vilivyo hapo juu havitumiki kuugeuza.

Kuhakiki jibu. Kabla ya kukabidhi tafsiri, jibu lilinganishwe na viwango vinavyojulikana, katika W/(m·K): shaba nyekundu safi, takribani 400; maji, takribani 0.6, povu la kuhami, kati ya 0.03 na 0.04, hewa iliyotulia, takribani 0.026. Povu likionekana kukaribia maji, inchi imesahauliwa mahali fulani.

Tazama pia: halijoto, joto, kihami, kipitishi, kizio.