Pengwini Aliyepotewa na Sauti: Historia ya Toy Story 2

Juu ya rafu, nyuma ya vitabu, amekaa pengwini mdogo wa mpira, vumbi limemganda mwili mzima. Jina lake Wheezy. Zamani ukimbinya alilia, kama wanavyolia wanasesere wote wa mpira. Siku moja kile kidude cha kumpa mlio kikaharibika. Mama mwenye nyumba akamtuliza mwanawe, Andy, kwa kumwambia kwamba pengwini atatengenezwa, kisha akampandisha rafuni. Hakuna aliyerudi kumshusha.

Ni kisa kifupi tu, karibu na mwanzo wa Toy Story 2, filamu ya katuni ya vichekesho iliyosambazwa katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 24 Novemba 1999. Kila ninapoitazama tena naona kwamba hapo kwenye rafu ndipo filamu nzima ilipojengewa msingi: mwanasesere katupwa kwa sababu sauti imemkauka. Na ukifuatilia jinsi filamu yenyewe ilivyotengenezwa, utakuta habari za vitu vilivyopotea vikapatikana, na za sauti ambazo zilipokwenda hazikurudi.

Mwanzoni ilikusudiwa kuwa kitu kidogo. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin, na badala ya kuupeleka sinema ikauuza moja kwa moja kwenye kanda za video. Gharama ilikuwa ndogo, mauzo yakawa makubwa, na biashara mpya ikazaliwa. Lakini kanda ile ilikuwa na pengo ambalo hata mtoto aliweza kulisikia. Katika Aladdin ya mwaka 1992, jini wa taa alikuwa Robin Williams, na vichekesho vyake ndivyo vilivyoibeba filamu. Williams aligombana na Disney kwa sababu sauti yake ilitumika kuuzia bidhaa, jambo ambalo hakulitaka. Katika mwendelezo nafasi yake ikashikwa na Dan Castellaneta, mtu hodari, ndiye sauti ya Homer Simpson. Rangi ya jini ilikuwa ileile ya bluu, na mikono na ndevu vilevile, ila jini mwenyewe hakuwamo. Baada ya studio kuomba radhi, Williams alirudi katika sehemu ya tatu mwaka 1996. Sisi tuliolelewa na michezo ya redio hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mhusika tunamjua kwa sauti, na ikibadilika tunajua tumeletewa mtu mwingine.

Ndiyo maana mwendelezo wa Toy Story ulikuwa na mtihani wake. Filamu ya kwanza, ya Novemba 1995, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta, na ilipata zaidi ya dola milioni 350. Watengenezaji wake, kampuni ndogo ya Pixar huko California, walimpata Woody, kauboi wa kitambaa, kwa kuchukua sauti ya Tom Hanks kutoka filamu yake ya zamani, Turner & Hooch, wakamchora Woody akiyasema maneno yale, wakamwonyesha Hanks mwenyewe. Akacheka, akakubali. Nafasi ya Buzz Lightyear, mwanaanga wa plastiki, aliombwa kwanza Billy Crystal, akakataa, na baadaye akasema wazi kwamba alijutia uamuzi ule. Ikaenda kwa Tim Allen, mchekeshaji wa tamthilia ya televisheni ya Home Improvement. Kwa hiyo wawili hawa wakawa ndio Woody na Buzz. Mwendelezo wa kanda ya bei nafuu ungewezaje kuwalipa?

Kazi ilianza kama filamu ya dakika 60 ya kuuzwa kwenye kanda. Wakubwa wa Disney, waliokuwa wasambazaji wa filamu za Pixar, walipoona vipande vya awali wakavipenda, na Hanks na Allen wakakubali kurudi. Mwanzoni mwa mwaka 1998 ikatangazwa kwamba Toy Story 2 itakwenda sinema. Tatizo ni kwamba mafundi wakongwe wa Pixar, akiwamo mwongozaji John Lasseter, walikuwa wamezama katika filamu nyingine, A Bug's Life, na mwendelezo ulikuwa mikononi mwa kikosi cha pili.

Katika mwaka huohuo likatokea tukio ambalo mafundi wa kompyuta bado wanasimuliana. Mtu fulani pale kazini aliandika amri ya kufuta, na amri ikaanza kufagia mafaili ya filamu yenyewe. Waliokuwa mbele ya skrini walimwona Woody akitoweka vipande vipande: kofia ikaondoka, zikafuata buti, mwisho Woody mzima. Hadi wanawahi kuchomoa mashine kwenye umeme, karibu asilimia 90 ya kazi ilikuwa imefutika. Wakakimbilia nakala rudufu, wakakuta mfumo wa kuhifadhia nakala haukuwa ukifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amegundua.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa ufundi. Alikuwa amejifungua karibuni, na ili aweze kufanya kazi akiwa na mtoto alikuwa na nakala ya filamu kwenye kompyuta ya nyumbani. Yeye na mwenzake Oren Jacob waliingia kwenye Volvo, wakaifuata ile kompyuta, wakaizungushia mablanketi, wakailaza kiti cha nyuma na kuirudisha ofisini kwa mwendo wa taratibu kama wamembeba mgonjwa. Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki. Safari hii yalizoleka, na yalizoleka kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa nyumbani akinyonyesha. Mwaka 2023 Susman alikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliopunguzwa na Pixar.

Kinachoumiza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo iliyookolewa ilikuja kutupwa kwa hiari. A Bug's Life ilipokwisha, mwezi Desemba 1998, Lasseter na wenzake walikaa kuitazama Toy Story 2 ilipofikia, wakatoka wamenyamaza. Hadithi ilikuwa haina uzito. Woody ameibwa na mkusanyaji wa wanasesere, amegundua kwamba zamani alikuwa nyota wa kipindi cha televisheni, na sasa yu karibu kuuzwa kwa jumba la makumbusho Tokyo, huko Japani. Je, atarudi kwa Andy? Kila mtazamaji alijua atarudi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Disney wao waliona filamu inatosha, na tarehe ya kutolewa haikuweza kusogezwa. Pixar wakaamua kuifumua. Ilibaki miezi tisa.

Dawa waliyoipata ilikuwa ni kuufanya uamuzi wa Woody uwe mgumu kweli. Kwanza wakamweka Wheezy mapema, ili Woody, ambaye mkono wake umechanika, aone mwisho wa mwanasesere mbovu. Kisha wakampa Jessie, msichana kauboi aliyekuwa naye katika kile kipindi cha zamani, historia ya maisha yake: aliwahi kupendwa na msichana aitwaye Emily, Emily akakua, Jessie akasahauliwa chini ya kitanda, hatimaye akawekwa kwenye boksi la msaada kando ya barabara. Hapo swali likapata meno. Utachagua kukaa nyuma ya kioo milele bila kuzeeka, au kupendwa miaka michache kisha uachwe?

Miezi ile tisa haikuwa ya kusifia tu. Ed Catmull, aliyekuwa rais wa Pixar, ameandika kwamba hadi kazi inaisha, karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa na maumivu ya mikono na viungo kwa kukaa mno kwenye kompyuta. Ameandika pia juu ya baba mmoja aliyechoka hadi akasahau kumpeleka mwanawe mchanga kwa walezi, akamwacha ndani ya gari kwenye maegesho kunako jua. Mtoto alikutwa amezimia. Alipona, na ninashukuru alipona, kwa sababu hakuna katuni yenye thamani hiyo.

Sasa Jessie. Katika katuni sauti hutangulia picha: mwigizaji huingia chumba cha kurekodia, husema maneno yake mara nyingi kwa namna nyingi, na wachoraji huyafuata baadaye, wakiitazama hata video ya uso wake wakati akisema. Maneno ya Jessie yalisemwa na Joan Cusack, kwa pupa na uchangamfu, mtu anayezungumza kana kwamba ameshikilia mlango usifungwe. Ila kuna pahala Jessie anapiga ule wito wa wachunga ng'ombe, sauti inayoruka kutoka kifuani kwenda kooni na kurudi. Hiyo haikuwa ya Cusack, ilikuwa ya Mary Kay Bergman, mmoja wa watia sauti stadi wa kizazi chake, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa sauti rasmi ya Snow White kwa Disney. Bergman alifariki tarehe 11 Novemba 1999, siku 13 kabla filamu haijaingia sinema. Na wimbo wa Jessie kumkumbuka Emily, When She Loved Me, uliotungwa na Randy Newman, uliimbwa na Sarah McLachlan wa Kanada. Mwanasesere mmoja, wanawake watatu, na mtazamaji haoni mshono. Wimbo ule ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ukashindwa na wa Phil Collins wa filamu ya Tarzan. Kwangu mimi hayo yalikuwa makosa. Mwaka 2001 ulipata Grammy.

Kumzunguka Jessie walipangwa watu ambao Wamarekani walizijua sauti zao kutoka televisheni. Stinky Pete, mzee mchimba dhahabu ambaye boksi lake halijawahi kufunguliwa, alikuwa Kelsey Grammer, nyota wa Frasier. Sauti yake laini ya msomi ndiyo inayotufanya tumwamini hadi dakika anapobadilika kuwa adui. Hamm, nguruwe wa kibubu, ni John Ratzenberger, ambaye alicheza na Grammer katika Cheers. Al, yule mwizi mwenye duka, ni Wayne Knight, na mke wa Mr. Potato Head, mwanasesere wa kiazi, ni Estelle Harris, wote wawili wa tamthilia ya Seinfeld. Rex, dinosaria mwoga, alibaki Wallace Shawn, mwandishi wa tamthilia za jukwaani. Hata Barbie aliingia safari hii, kwa sauti ya Jodi Benson. Katika filamu ya kwanza kampuni ya Mattel ilikataa mwanasesere wake asitumike. Baada ya kuona mafanikio, ikakubali.

Filamu ilipata karibu dola milioni 500, ikaipita ya kwanza, jambo ambalo miendelezo mingi hailifikii. Januari 2000 ilipewa tuzo ya Golden Globe ya filamu bora ya vichekesho au muziki, ikishindana na filamu za watu halisi.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Februari, Jim Varney akafariki kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 50. Yeye ndiye aliyekuwa Slinky, mbwa wa springi, kwa lafudhi ile ya Kusini mwa Marekani. Toy Story 3 ilipotengenezwa, ikatoka mwaka 2010, Slinky alipewa Blake Clark, rafiki wa Varney, na ukisikiliza unaona jinsi alivyojitahidi kumtunza mwenzake ndani ya kila neno. Andy naye alikuwa amekua. Pixar hawakutafuta kijana mwingine, walimrudia John Morris, mtoto aliyemtia Andy sauti katika filamu mbili za mwanzo, sasa akiwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Sauti iliyokuwa imevunjika na kukomaa katika maisha halisi ndiyo iliyotoka kwa Andy anayeondoka kwenda chuo.

Don Rickles, Mr. Potato Head mwenyewe, alikubali kushiriki sehemu ya nne, kisha akafariki Aprili 2017 kabla ya kurekodi hata neno. Familia yake iliomba asiachwe nje. Wahariri wakarudi kwenye maghala, wakapekua kila alichowahi kurekodi kwa zaidi ya miaka 20, filamu, michezo ya kompyuta, wanasesere wanaoongea, wakachomoa sentensi moja hapa na nyingine pale, wakamjengea nafasi yake katika filamu ya mwaka 2019.

Wheezy, yule pengwini, alipata mlio mpya mwishoni mwa Toy Story 2, akasimama mbele ya maikrofoni ya kuchezea na kuimba kwa sauti nzito ya Robert Goulet. Lakini alipokuwa akiongea kule rafuni, akikohoa vumbi, alikuwa Joe Ranft, mkuu wa hadithi wa Pixar, mmoja wa watu walioijenga dunia ile ya wanasesere tangu siku za mwanzo. Ranft alikufa katika ajali ya gari mwezi Agosti 2005. Hawakumtafutia Wheezy mtu mwingine. Katika Toy Story 3, Woody anawahesabia wenzake marafiki waliokwisha kuondoka nyumbani kwa Andy miaka yote hiyo, na katika orodha hiyo analitaja jina la pengwini.