Daftari Moja, Mwananchi Mmoja: Somo la Batsinda



Katika wilaya ya Gasabo, kaskazini ya katikati ya mji wa Kigali, kuna mtaa uitwao Batsinda. Mwaka 2008 mtaa huo ulipokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, mahali ambapo wenyeji walipaita Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini. Nyumba zaidi ya 200 zilikuwa zimejengwa Batsinda kwa ajili ya kazi hiyo, na sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ilikuwa imepitishwa mwaka 2007. Juu ya fidia na umbali wa kwenda kazini yalisemwa mengi wakati ule. Leo nataka tutazame jambo jingine, ambalo halipigi kelele: karatasi za watu wale.

Familia moja inapovuka mji na kuhamia Batsinda, ni ofisi ngapi zinazopaswa kujua? Ofisi ya ardhi ijue nani amiliki kiwanja kipi. Ofisi ya sekta ijue nani akaa wapi. Bima ya afya, shule, kodi na polisi, kila mmoja anahitaji sehemu yake ya habari hiyo. Ikiwa kila ofisi ina daftari lake, na kila daftari limeandikwa kwa namna yake, mtu mmoja hugeuka kuwa watu sita. Hapo mwananchi hulazimika kuwa tarishi wa serikali yake mwenyewe, akibeba barua kutoka dirisha hili hadi lile ili athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Ninyi askari mnalielewa jambo hili kuliko wengi. Vikosi viwili vikiingia vitani na ramani mbili, kimoja kikiita kilima kwa jina hili na kingine kwa jina lile, mizinga itawaangukia wenzao. Kwa hiyo jeshi huanza kwa kuafikiana juu ya ramani moja, saa moja na majina mamoja. Idara za serikali nazo zikitaka kusemezana lazima zifanye vivyo hivyo: ziafikiane kwanza nini maana ya "jina", nini maana ya "makazi", na tarehe iandikwe vipi. Kununua kompyuta ni hatua ya baadaye, na ni nyepesi zaidi.

Tuchukue mfano wa jina. Katika desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja waweza wasiwe na jina lolote la pamoja. Fomu iliyobuniwa Ulaya, inayodai jina la ukoo, haitawatambua kuwa ndugu. Tuchukue na mfano wa mahali. Mwaka 2006 nchi iligawanywa upya kuwa mikoa minne pamoja na Mji wa Kigali, na wilaya 30. Mji wa Butare ukawa katika Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu. Mzee akikwambia alizaliwa Butare, nawe unajua kwamba ndiko Huye, umeelewa. Mashine haijui mpaka iwe imeambiwa. Jalada la mtuhumiwa na cheti chake cha kuzaliwa vyaweza kulala katika kabati mbili miaka 20 bila kukutana.

Lakini, ndugu wasikilizaji, historia ya nchi hii inatuonya kwamba daftari la pamoja laweza pia kuua. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ulihesabu watu na kuwagawia vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno hilo moja likaingia katika karatasi za kila ofisi, likarithiwa kutoka baba hadi mwana. Kwa kipimo cha ufundi, idara zilikuwa zimeafikiana barabara: kila mwandishi wa daftari alijua neno hilo laandikwa wapi, na kila msomaji alijua maana yake. Wakoloni walipoondoka mwaka 1962, neno lilibaki.

Mwezi Agosti mwaka 1993, katika Mapatano ya Arusha, iliafikiwa kwamba kabila lifutwe katika hati zote za serikali mara tu serikali ya mpito itakapoingia kazini. Serikali hiyo haikuingia kazini kwa wakati, na neno halikufutwa. Tangu Aprili hadi Julai mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa wakidai kwanza kitambulisho. Nafasi ndogo katika kadi, iliyojazwa na karani kwa kalamu, iliamua nani apite na nani afe. Waliouawa, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, ni zaidi ya 1,000,000.

Msidhani hayo ni ya Afrika peke yake. Huko Uholanzi, kabla ya vita vya pili vya dunia, palikuwa na daftari la watu lililosifiwa kwa unadhifu, nalo liliandika pia dini. Wanazi walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, daftari hilo liliwarahisishia kazi ya kuwakamata Wayahudi. Tarehe 27 Machi, 1943, wazalendo waliovaa sare za polisi waliingia katika ofisi ya daftari mjini Amsterdam wakaitia moto. Wengi wao walikamatwa na kupigwa risasi. Walijitolea roho zao kuharibu mpangilio wa kadi, kwa kuwa waliyaona matumizi yake.

Baada ya 1994, Rwanda ilitoa vitambulisho visivyo na kabila. Mwaka 2007 likaanza zoezi la kuandikisha watu nchi nzima, na tangu mwaka 2008 kila mwananchi mzima hupewa kadi yenye namba ya tarakimu 16. Kati ya mwaka 2009 na 2013 ardhi yote ikapimwa na kuandikishwa, viwanja zaidi ya milioni 10. Kila kiwanja kilipewa namba inayotaja mkoa, wilaya, sekta, seli, kisha kiwanja chenyewe. Tangu mwaka 2020 mtoto azaliwaye hospitalini huandikishwa huko huko. Hivyo namba ya mtu na namba ya kiwanja ndizo zimekuwa misumari miwili ambayo idara mbalimbali hutundikia habari zao. Mwananchi wa Batsinda akiuza kiwanja chake, ofisi ya ardhi haihitaji kubahatisha ni nani auzaye na ni kiwanja kipi.

Basi somo ni nini? Mosi, idara zenye lugha moja humwondolea mwananchi mzigo, na humnyima mlaghai mwanya wa kujificha kati ya madaftari mawili. Pili, kila nafasi inayowekwa katika daftari la pamoja ni uamuzi wa kisiasa, hata kama imewekwa na fundi. Kabla ya kuuliza "tutaandikaje?" lazima kuulizwe "kwa nini tuliandike, na nani atalisoma?" Sheria ya mwaka 2021 ya kulinda habari za watu binafsi imeyaweka maswali hayo mbele ya kila ofisi.

Ndugu askari, kitambulisho hukutana nanyi kuliko watumishi wengine wote: barabarani, mpakani, usiku wa manane. Anayekukabidhi kadi yake amekukabidhi pia imani yake kwamba utasoma lile linalokuhusu, na hutalitumia kwa jambo jingine. Mwaka 1994 imani hiyo ilivunjwa kwenye vizuizi. Kila kadi inayosomwa leo kwa haki na kurudishwa kwa heshima inaijenga tena.