Kompyuta Isiyowaka: Umeme, Biashara na Ufundi wa Mashine Kuukuu Butembo

Ufundi wa kufufua kompyuta za mezani zilizogoma kuwaka, kama unavyofanyika Butembo na katika mitaa yake, Rughenda ukiwa mmojawapo, ulitokana na mambo mawili yaliyokuwapo kabla kompyuta hazijafika: biashara ya mbali, iliyoufanya mji huu wa Kivu ya Kaskazini kuwa soko la vitu vilivyokwisha kutumika kwingine, na ukosefu wa umeme wa shirika la taifa, SNEL, lililoundwa mwaka 1970 lakini ambalo nyaya zake hazikuufikia mji kwa miongo mingi. Mwenye kutaka kuelewa kwa nini fundi wa huko hupima jambo hili kabla ya lile hana budi kuanzia hapo, kwa sababu vitabu vya watengenezaji viliandikiwa watu ambao umeme kwao ni jambo la kutegemewa.

Biashara ndiyo iliyotangulia. Butembo, iliyokua enzi za Wabelgiji kandokando ya shughuli za kampuni ya machimbo ya Minière des Grands Lacs, iliangukia baada ya uhuru wa 1960 mikononi mwa wafanyabiashara Wanande, ambao mienendo yao ilichunguzwa na Vwakyanakazi Mukohya katika tasnifu ya mwaka 1982. Kahawa na dhahabu zilitoka. Magari, vitambaa na vipuri viliingia. Njia ilivuka mpaka wa Kasindi, ikapita Kampala na kuishia Mombasa, na katika miaka ya 1990 wafanyabiashara hao hao walikuwa wakisafiri hadi Dubai na miji ya Asia ya Mashariki kufuata bidhaa. Hata vita vya 1998 hadi 2003, vilivyoiweka Beni na Butembo chini ya utawala wa kundi la waasi la RCD-ML, havikuikata njia hiyo. Kompyuta zilizotupwa na ofisi za Ulaya na Marekani baada ya miaka michache ya kazi hazikuhitaji kufunguliwa njia mpya. Zilipakiwa pamoja na bidhaa nyingine katika makontena yaliyokuwa yakija tangu zamani.

Zilipokelewa na vyuo, parokia, mashirika ya misaada na, zaidi ya wote, sekretariati, yaani vibanda vya kuchapa maandishi na kutoa nakala ambavyo kila mji wa Kongo unavijua. Tangu askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989, wanafunzi wa Butembo wamekuwa wakihitaji kila mwaka kuchapisha TFC, andiko la kumalizia mzunguko wa kwanza wa masomo, na mashine iliyokufa msimu wa kuwasilisha maandiko hayo haikumtia hasara mwenye kibanda peke yake.

Umeme wa vibanda hivyo ulitoka kwenye grupu, kama jenereta inavyoitwa huko, iliyowashwa asubuhi na kuzimwa jioni au mara mafuta yanapokwisha. Wafanyabiashara wa mji waliwahi kuunda kampuni yao, SENOKI, kwa lengo la kuzalisha umeme wa maji, na miaka mingi baadaye mtambo wa Luviro, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 14, ulijengwa katika eneo la Lubero. Lakini mazoea ya ufundi yalikuwa yamekwisha kukomaa chini ya grupu. Grupu ndogo ikielemewa, volti hushuka. Mzigo ukiondolewa ghafla, hupanda. Na mafuta yakikaribia kuisha, mashine hukohoa, ikashusha na kupandisha volti mara kadhaa kabla ya kunyamaza. Kiungo cha kwanza kupokea misukosuko hiyo ni alimantasyo, kile kisanduku cha chuma nyuma ya kompyuta kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa ndani.

Ndiyo maana uchunguzi huanzia nyuma ya mashine. Alimantasyo nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230, na kompyuta iliyotoka Marekani huenda ikawa bado imewekwa kwenye 115, ilhali umeme wa Kongo ni wa volti 220. Katika hali ya 115 sakiti ya ndani huuongeza umeme unaoingia mara mbili ili kufikia kiwango inachokihitaji. Ikipewa 220, huuongeza vilevile, na kapasita zilizotengenezwa kustahimili volti 200 kila moja hujikuta zimebeba zaidi ya 300. Mlio husikika, moshi hutoka, na mashine iliyovuka bahari huishia hapo. Hata hivyo hasara mara nyingi huwa ya kisanduku hicho tu, na fundi anayejua hivyo humwokolea mwenye mashine fedha nyingi.

Swichi ikiwa sawa, hufuata jaribio lililowezekana tangu Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995. Kabla ya hapo kitufe cha kuwashia kilikata na kuunganisha umeme wenyewe. Tangu hapo kitufe huomba tu, na bodi kuu ndiyo inayoiamuru alimantasyo iwake. Plagi kubwa huchomolewa kwenye bodi, kipande cha waya kikaunganisha waya wa kijani na mmoja wa zile nyeusi, na feni ikizunguka, alimantasyo ina uhai. Jaribio hili hupewa imani kubwa kuliko linavyostahili: feni huzunguka hata pale volti zinapoporomoka mara tu mzigo unapowekwa, na anayelitegemea bila kipima volti atalaumu bodi isiyo na kosa.

Sehemu inayofundisha zaidi katika historia hii ni pili, betri ndogo ya duara iliyo juu ya bodi. IBM ilipotoa kompyuta yake ya kwanza ya binafsi mwaka 1981, mashine haikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya mpangilio wake. Modeli ya AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyoleta saa na kumbukumbu ndogo, inayojulikana kama CMOS, vikilindwa na betri wakati kompyuta imezimwa. Katika mashine za mwanzo za aina hiyo kumbukumbu hiyo ndiyo iliyohifadhi vipimo vya diski, kwa hiyo betri ikiisha kompyuta haikuiona diski yake na ilishindwa kuanza ingawa hakuna kilichoharibika. Mashine za baadaye hutumia pili ya CR2032 ya volti 3 na hutambua diski zenyewe, lakini pili ikifa baadhi yake bado husimama na kungoja mtu abonyeze F1, au huanza na tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Hapa ndipo mazingira ya Butembo yanapojitokeza wazi. Kompyuta ya ATX iliyochomekwa kwenye umeme usiokatika huendelea kupokea volti 5 za akiba hata ikiwa imezimwa, nazo huendesha saa na kuipumzisha pili. Panapozimwa grupu jioni, pili hubeba kazi hiyo usiku kucha na Jumapili nzima, kwa hiyo hudhoofika mapema kuliko katika ofisi ya mji wenye umeme wa kudumu. Ushauri wa kubadilisha pili kabla ya kufungua kitu kingine, ambao mgeni angeuona wa kubahatisha, una msingi imara.

Ugonjwa mwingine ulikuja na mashine zenyewe. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, bodi nyingi duniani zilifungwa kapasita mbovu, yale makopo madogo ya kusawazisha volti, ambazo zilifura vichwa, zikapasuka na kuvuja. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo, hasa ya OptiPlex GX270 na GX280, aina zilizokuwa zimejaa maofisini na ambazo hatimaye ziliuzwa kama mitumba. Mwenye ofisi Marekani alibadilishiwa bodi nzima. Kwa fundi wa redio mwenye kilehemu, kopo lililofura ni kazi ya kawaida: hung'olewa, likawekwa jingine lenye volti na uwezo ule ule, mara nyingi lililotolewa kwenye bodi iliyokufa. Urithi huu wa mafundi redio haujapewa heshima yake.

Kwa RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, dawa hujulikana kote: huchomolewa, miguu yake ya dhahabu husuguliwa kwa kifutio cha penseli, ikarudishwa hadi ibane, kwani safari ya lori kwenye barabara mbovu huilegeza na vumbi hukamilisha. Mashine ikilia mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, mara nyingi inalalamikia kadi ya picha. Usumbufu wa mwisho ni wa kuchekesha kidogo: anayeandika kwa kibodi ya Kifaransa ya AZERTY hukuta kuwa ukurasa wa mpangilio, unaotangulia Windows, kwa kawaida hufuata herufi za Kiingereza, na nenosiri lenye A hukataliwa hadi abonyeze Q.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za maofisini zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Mashine hizo zitauzwa kwa bei ya chini, na wafanyabiashara wa Kasindi wanaijua biashara hiyo. Atakayezinunua kwa ajili ya shule au kibanda na aangalie swichi nyekundu kabla ya kuchomeka, kisha anunue pili mpya kwa kila moja.