Ampli
Kamusi zinapendekeza kikuza sauti, lakini mpiga gitaa wa Lubumbashi anasema ampli, mkato wa Kifaransa, na sioni sababu ya kumsumbua. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa kavu lilitosha. Bendi inayopiga nyimbo za wengine haina raha hiyo: usiku mmoja inaombwa rumba, zouki, hata roki. Sebene, ile sehemu ya rumba ambapo gitaa hutawala, hudai sauti safi hata ampli ikipandishwa. Roki hutaka mkwaruzo. Ningeanza na usafi, kama wa ampli ya Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, yenye wati 120, kisha pedali ilete mkwaruzo. Ampli inayokwaruza yenyewe ikipandishwa haisafishwi na pedali yoyote.