Kopo, Mshumaa na Betri: Sayansi ya Watoto Ilikotokea



Katika kikao kimoja cha wazazi wa jumuiya yetu hapa Uingereza, lilizuka jambo dogo ambalo limetukaa moyoni hadi leo. Watoto wetu wa shule ya msingi walikuwa wamepewa kazi na walimu wao: kila mmoja aunde kitu kinachotembea au kinachotoa sauti, na akiunde kwa vitu vilivyokwisha kutupwa. Kila mzazi alikuja na kilio chake. Mmoja alikimbilia dukani akanunua sanduku zima la majaribio ya sayansi, lenye picha ya mtoto aliyevaa miwani na koti jeupe. Mwingine alikesha akiifanya kazi ile yeye mwenyewe, na asubuhi mtoto akaibeba kwenda shule kama anayebeba mzigo wa mtu. Wengi wetu tulikiri kwamba tuliwaambia wanetu neno moja tu: "Mambo haya sisi kwetu hatukuyasoma."

Mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka chai imalizike, akatuuliza: "Hapa ni nani hakuunda gari la waya?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulicheka, kisha tukaanza kukumbushana. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala kuukuu, na usukani ulikuwa mrefu hadi kifuani ili dereva asimame wima akiendesha. Tiara ziligandishwa kwa ubwabwa, na aliyeweka mkia mfupi aliiona tiara yake ikipiga mbizi, akarudi nyumbani kuuongeza kitambaa. Tulikuwa na simu za makopo ya maziwa na uzi, na tulijua bila kufundishwa na mtu kwamba uzi ukilegea mwenzako hasikii kitu. Ila hakuna aliyetuambia kuwa hiyo ni sayansi. Sayansi ilikuwa darasani. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akiuliza, "Mwanga husafiri vipi?" nasi tukaitika kwa pamoja, "Katika mistari iliyonyooka!" huku jua likipenya kwenye tundu la bati na kuchora mstari wake juu ya vumbi mbele ya macho yetu. Hakuna aliyegeuza shingo kuutazama.

Kikao kile ndicho kilichotusukuma kuchimba kidogo historia ya mazoezi haya ya sayansi kwa watoto wadogo. Wengi wetu tulikuwa tukidhani ni mambo yaliyozaliwa na utajiri wa nchi hizi. Tulichokikuta ni kinyume chake.

Tuanze hapa London, kwa mtoto wa mhunzi. Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 katika familia maskini, akapata elimu kidogo tu ya shule, na akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu alivyovijalidi ndivyo alivyovisoma. Baadaye akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa kabisa wa umeme na sumaku. Taasisi aliyofanya kazi, Royal Institution, ilianza mwaka 1825 kutoa mihadhara ya vijana kila msimu wa Krismasi, na Faraday peke yake alitoa misururu 19. Ulio mashuhuri kuliko yote aliutoa mara mbili, mwaka 1848 na tena mwaka 1860, na mada yake ilikuwa mshumaa. Mshumaa tu, ule wa kuwashia nyumbani.

Moja ya vitendo vyake mtu anaweza kukifanya jikoni kwake leo jioni, mtu mzima akiwa karibu. Washa mshumaa, uache uwake vizuri, kisha uzime kwa pumzi ndogo. Utaona uzi wa moshi mweupe ukipanda. Upesi, sogeza kijiti cha kiberiti kinachowaka kwenye moshi ule, juu kidogo ya utambi, bila kuugusa. Moto utateremka kwenye moshi na kuuwasha tena mshumaa. Kumbe kinachowaka ni mvuke wa nta, na kazi kubwa ya utambi ni kuipandisha nta iliyoyeyuka ili igeuke mvuke. Waliokulia kwa kibatari hawahitaji Faraday kuwaeleza: mafuta yakiwamo, utambi hudumu usiku kucha, mafuta yakikauka, utambi wenyewe huanza kuungua na nyumba nzima hunuka. Tulikuwa na somo hilo mezani kila usiku, tukalitumia kusomea masomo mengine.

Mihadhara ile ingalipo, ingawa ilikatika miaka michache wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na tangu 1966 huonyeshwa kwenye televisheni. Wazazi mlio na watoto wadogo, itafuteni msimu wa Krismasi.

Karne ya ishirini ilipoingia, wafanyabiashara nao waliona mlango. Frank Hornby wa Liverpool alipata hati ya ubunifu mwaka 1901 kwa vipande vya chuma vyenye matundu na skrubu vilivyokuja kuitwa Meccano. Kule Marekani A. C. Gilbert naye akaleta seti zake za kuundia mwaka 1913, kisha seti za kemia. Tamaa ikafika mbali: mwaka 1950 kampuni yake iliuza sanduku la watoto la nishati ya atomu lenye madini halisi ya urani ndani yake, kwa dola 49.50. Halikudumu sokoni, na sisi tunashukuru.

Hapa ndipo tulipodhani hadithi itaendelea kuwa ya maduka. Lakini sura iliyotugusa zaidi ilianzia kwenye vifusi. Vita ilipomalizika, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa zimebomolewa, na maabara zake zimekwenda pamoja nazo. Mwalimu wa sayansi wa London, J. P. Stephenson, aliandika kijitabu kilichotolewa na UNESCO mwaka 1948 kwa ajili ya walimu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Kilieleza namna ya kuunda vifaa vya kufundishia kwa vitu rahisi vinavyoweza kupatikana popote. Kikapendwa mno, hata katika nchi ambazo hazikupigwa bomu lolote ila hazikuwahi kuwa na maabara tangu mwanzo. Hapo UNESCO ikakitanua, na mwaka 1956 ikatoa kitabu kikubwa cha majaribio kwa walimu wa sayansi.

Kitabu hicho kilipofika Marekani, kilipewa jalada jipya na jina jipya: majaribio 700 ya sayansi kwa kila mtu. Yaani mbinu zilizokusanywa kwa ajili ya mwalimu asiye na kitu ziliuzwa katika nchi tajiri kama burudani ya watoto wa nyumbani. Ndiyo maana tunasema yule mwenzetu aliyenunua sanduku lenye picha ya koti jeupe huenda alilipia ufundi wa dhiki uliotiwa rangi. Nasi tunapomwambia mtoto "kwetu hatukuyasoma," tunamnyima kitu ambacho ni chetu, na tunamfundisha kwamba wazazi wake wameingia nchi hii mikono mitupu. Hilo linatuuma kuliko bei ya sanduku.

Kwetu pia palifanyika jaribio la kuuingiza mkono wa mtoto darasani. Katikati ya miaka ya 1960 walimu na wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, walikutana na wenzao wa Marekani na Uingereza kutunga mazoezi ya sayansi ya shule za msingi. Fedha zilitoka serikali ya Marekani. Vijitabu vyao havikudai maabara. Kimoja kilihusu namna ya kufanya vitu vionekane vikubwa. Kingine kilimhusu yule mdudu mdogo anayechimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga mkavu, akajificha chini kumngoja sisimizi ateleze. Nani kati yetu hakumchokoza mdudu huyo kwa kijiti? Watunzi walitaka mtoto amuulize mdudu mwenyewe: ukiuloanisha mchanga atafanya nini? Ukimhamisha, atachimba wapi?

Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa mwanasaikolojia Jean Piaget, alitakiwa kupima kama mpango ule ulifaa kitu nchini Kenya. Alikataa kuwapa watoto mtihani wa maandishi. Aliweka vitu mezani, vingine watoto hawakuwahi kuvifanyia kazi darasani, akawaacha wafanye wapendavyo, na watazamaji wakaandika kila walichokiona. Waliosoma kwa mpango ule walibuni mambo mengi zaidi na magumu zaidi kuliko wenzao ambao hawakuusoma. Sisi tunaona kipimo hicho ni cha haki kuliko mingi tuliyopimwa nayo. Lakini darasa la watoto wengi chini ya mwalimu mmoja lina matakwa yake, na mtihani wa kumaliza shule una yake. Wengi wetu tuliosoma miaka iliyofuata tulirudi kwenye kuitika kwa pamoja.

Tunamalizia na kijana ambaye hakuwa wa shule ya msingi, ila swali lake ni la kitoto kabisa, na tunasema hivyo kwa heshima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Tanganyika. (Ndugu zetu wa Pemba waliokuwa kikaoni walitaka kumdai, tuliwaambia hilo ni jina lake tu.) Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, na nafasi ya friji ilikuwa ya kugombaniwa. Mpemba akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi. Wauzaji wa mtaani walikwisha kulijua.

Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza mara nyingine. Osborne hakuamini, lakini alikuwa na adabu ya kwenda kujaribu. Fundi wake wa maabara akamletea habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la hapa Uingereza, na jambo lile likabaki na jina la mwanafunzi yule. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa hapa hapa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha matokeo yao kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kubadili jibu.

Basi Jumamosi iliyopita watoto wetu walilijaribu katika nyumba tatu: vikombe viwili vya kufanana, maji ya kipimo kimoja, kimoja cha bomba na kimoja cha moto kilichomiminwa na mzazi, na friji ikifunguliwa kila baada ya dakika kumi. Katika nyumba mbili yaliganda kwanza ya baridi. Katika nyumba ya tatu yalitangulia ya moto, na hao wa nyumba ya tatu hawashikiki kwa majivuno. Hao wengine wanadai kwamba kikombe cha moto kiliyeyusha barafu iliyokuwa chini yake, kikakaa vizuri zaidi kwenye chuma cha friji. Hatukuwaambia sisi. Yule mzee wa gari la waya anataka wabadilishane friji. Binti mmoja wa miaka minane anasema wote tumekosea tangu mwanzo, kwa sababu Mpemba hakutumia maji, alitumia maziwa na sukari.

Maziwa yamekwisha kununuliwa. Matokeo mtayasoma toleo lijalo, Mungu akipenda.