Maji ya Kisaju hayachemki kwa digrii 100

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, na nikikosea kompyuta huniambia mstari gani una kosa. Leo nawasimulia kosa ambalo halikuleta ujumbe wowote kwenye skrini. Lilinigharimu vifaranga wa Mama, kisha likanifundisha historia ambayo nilisoma shuleni bila kuielewa.

Nyumbani kwetu ni Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela kuelekea Isinya. Wanaopafahamu wanajua upepo wa pale usiku wa Julai. Mwezi huo mwaka jana Mama alinunua vifaranga 50 wa siku moja. Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji joto la digrii 32 hadi 35 hivi. Mama alizoea kupima kwa mkono: anaingiza kiganja chini ya balbu, anasubiri kidogo, anajua. Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikaona mkono si kipimo. Nikaamua kumtengenezea kiashiria cha joto.

SAKETI YENYEWE

Ni rahisi, hata wewe unaweza. Kuna chipu inaitwa LM35, yenye miguu mitatu. Unaipa umeme, nayo inatoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Joto likiwa digrii 33, inatoa milivolti 330. Hesabu ya darasa la nne.

Volti hizo nilizipeleka kwenye chipu ya pili, LM324. Kazi yake hapa ni kulinganisha: joto likipita kiwango nilichoweka, inawasha taa. Viwango niliviweka kwa potensiometa mbili. Taa ya kijani iwake kuanzia digrii 33, na nyekundu kuanzia 35. Ongeza rezista za kulinda taa, betri ya volti 9, na chipu ya 7805 ya kushusha umeme hadi volti 5 ili viwango visiyumbe betri ikichoka. Maagizo kwa Mama yalikuwa mafupi: kijani ikizima, shusha balbu, nyekundu ikiwaka, ipandishe.

Kabla ya kumkabidhi nilitaka kuhakikisha. Nikaifunika LM35 vizuri isiingie maji, nikachemsha sufuria jikoni, nikaizamisha. Kila mtu anajua maji huchemka kwa digrii 100, kwa hiyo nilitegemea volti 1.00. Mita ikasoma 0.95. Nikasubiri. Ikabaki 0.95.

Nikasema moyoni, nimeuziwa chipu feki. Basi nikafanya wanavyofanya watu wa programu: nikarekebisha kwa hesabu. Kila kiwango nikakizidisha kwa 0.95. Digrii 33 ikawa milivolti 314 badala ya 330, na 35 ikawa 333.

Usiku wa tatu Mama aliniita. "Mwanangu, taa yako inasema kuna joto, lakini vifaranga wanasema kuna baridi." Walikuwa wamerundikana pamoja, wakilia. Nikamwambia aiamini taa. Asubuhi wanne walikuwa wamekufa. Siwezi kuapa kwamba ni baridi peke yake, lakini taa nyekundu ilikuwa ikiwaka joto likiwa digrii 33 tu, na Mama kwa kunitii alikuwa akipandisha balbu.

Chipu haikuwa feki. Iliniambia ukweli: maji yale yalikuwa yanachemka kwa digrii 95.

KOSA LENYE UMRI WA MIAKA 300

Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda juu, hewa inapungua na maji yanachemka mapema, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Mombasa ni 100. Kisaju, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni 95 au chini kidogo. Ndiyo sababu moja ya maharagwe ya bara kuchelewa kuiva.

Waliobuni vipimajoto walilijua hili mapema. Daniel Fahrenheit, aliyetengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, aliandika mwaka 1724 kwamba joto la kuchemka hubadilika na mgandamizo wa hewa. Anders Celsius alipotangaza kipimo chake mwaka 1742 kule Sweden, alieleza mgandamizo uwe kiasi gani. (Yeye aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda! Kiligeuzwa baadaye.) Ile "100" tunayokariri ilikuja na sharti. Sisi tulibeba namba tukaacha sharti.

WALIOPIMA NCHI KWA SUFURIA

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kosa langu, likigeuzwa, ni kifaa. Kama unajua maji yamechemka kwa joto gani, unaweza kukadiria uko juu kiasi gani.

Richard Burton na John Speke walipotoka Zanzibar Juni 1857, pamoja na wapagazi wao na Sidi Mubarak Bombay, ndivyo walivyopima mwinuko wa bara: kwa kuchemsha maji. Vifaa viliharibika njiani, na Speke akabaki kutumia kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea. Ziwa Tanganyika, walilolifikia Februari 1858, walilipa mwinuko wa futi 1,800 na kitu, yaani kama mita 550. Ukweli ni karibu mita 770. Zaidi ya mita 200 zilipotea kwa kosa lisilofika digrii moja! Lakini ziwa la Nyanza, ambalo Speke aliliona Agosti 1858, alilipima zaidi ya futi 3,700, karibu sana na mita 1,134 tunazozijua leo.

Namba hizo zilizua ugomvi mkubwa. Speke alisema Nyanza ndiyo chanzo cha Nile. Burton alitetea Tanganyika, akadai kipimajoto kile si cha kuaminika. Kuhusu kifaa Burton hakukosea. Kuhusu mto alikosea: mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika kaskazini mwa Tanganyika wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki.

NILIVYOREKEBISHA

Nilinunua kipimajoto cha homa duka la dawa, nikakizamisha pamoja na LM35 kwenye maji ya vuguvugu. Kimoja kikasoma 37, kingine volti 0.37. Nikarudisha viwango vya mwanzo. Kama utatengeneza yako, ipime karibu na joto utakalotumia, na ulinganishe na kifaa kingine, si na namba uliyoikariri.

Vifaranga 46 walikua. Taa bado iko bandani, lakini Mama huwatazama vifaranga kwanza: wakirundikana ni baridi, wakitawanyika wakihema ni joto. Kisha ndipo anatazama taa. Nami siku hizi nikimwona anaingiza kiganja chini ya balbu, sisemi kitu.